Mwaka Niliomfundisha Ba Kutembea Kwenye Mvua

Binti yangu ndiye aliyeiona nyumba ile kwenye simu yake. Tulikuwa mezani, mimi nachambua maharage, yeye anatazama picha za nyumba tusizoweza kununua hata tukifa na kufufuka, mchezo wa watu wote wa mji huu wa Sydney. "Mum, isn't this your old lady's place? The Guildford one?" Nikavaa miwani. Ilikuwa yenyewe, ya matofali mekundu, na kibaraza cha saruji, na mlimau kando ya uzio. Ndani walikuwa wamepaka rangi nyeupe kila mahali, hata jikoni, na ukutani juu ya meza ya chakula, palipokuwa na picha ya Ba, bibi niliyekuwa nikimtunza, hapakuwa na kitu. Chini waliandika kwamba ni mali ya marehemu. Marehemu mwenyewe ni Nilesh, mtoto wa Ba. Habari ya msiba wake nilikuwa nimeipata miezi mitatu kabla, na sikwenda. Nilimwambia aliyenipa habari kwamba siku hiyo niko zamu, kisha nikashinda nyumbani nakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Kulikuwa na neno moja nililopaswa kumwambia Nilesh. Nililiweka miaka kumi na minane nikisubiri siku nzuri ya kulisema, na sasa mwenye kuambiwa hayupo.

Jumamosi nikapanda treni kutoka Campbelltown peke yangu. Siku ya kuonyesha nyumba mtu yeyote huruhusiwa kuingia, mnunuzi na mpita njia, ilimradi ajiandikishe mlangoni. Palisimama kijana wa suti ya buluu na viatu bila soksi, ameshika ubao wenye karatasi. "Hi there, just your name and mobile," akasema, akaninyooshea kalamu. Nikaipokea. Nikaitazama mistari mitupu chini ya majina ya wenzangu, na mkono ukagoma. Nyuma yangu walikuwapo mume na mke wenye mtoto mchanga, nikawapisha. Nikasogea mpaka kwenye mlimau, nikajifanya nakagua uzio kama mtu mwenye pesa zake.

Nilipobisha mlango huo mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kozi ya kutunza wazee, nakaa Fairfield, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa kiwanda cha magodoro. Wakala wa kazi alinituma Guildford siku nne kwa wiki kwa mama wa Kihindi mwenye presha na goti bovu, jina lake Hansa, na kwenye karatasi yake waliandika kwamba mteja ana shida ya lugha. Alifungua mama mfupi mwenye sari ya pamba na soksi nene za sufu. Akanitazama toka kichwani mpaka viatuni, akasema, "Mwangaluka." Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Wasukuma. Nilikaa kambini Tanzania miaka kumi na miwili, na wachuuzi wa Kisukuma walikuwa wakifika hadi kwetu, basi nikamjibu vilevile. Akapiga makofi kwa furaha.

"Wewe mtu wa Mwanza?"

"Hapana, mama. Mimi Murundi. Mais Tanzania nimekaa, kwenye kambi."

"Basi shida ya lugha imekwisha. Mimi nimezaliwa Mwanza, baba alikuwa na duka la vitambaa. Vua viatu, ingia. Na usiniite Mrs, hapa siyo benki. Niite Ba."

Ba ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama au bibi. Mimi aliniita Godi, kwa sababu Godeliva, alisema, ni jina la kuchosha meno. Jikoni kwake ndipo nilipojifunza Sydney inaweza kuwa na harufu. Mbegu za haradali zilipasuka kwenye mafuta, mvuje ulikaa kwenye mapazia, na saa nne kamili tulikula chapati nyembamba za uwatu kwa achari ya ndimu. Karatasi ilisema nimpikie mimi, lakini hakuniruhusu kugusa sufuria. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, naye akinitunza. Chai yake ilikuwa na tangawizi ya kukohoza mtu, na hakutia sukari hata chembe. Nilidhani ni kisukari. Wiki ya pili nikaona juu ya kabati kopo la sukari guru, jipya, limefungwa kwa utepe, nikamuuliza linasubiri mgeni gani.

"Linanisubiri mimi," akasema.

Nilesh alipokuwa na miaka mitatu, kule Mwanza, alishikwa na homa ya uti wa mgongo, na daktari akamwambia baba yake aanze kutafuta kuni za kumchomea. Ba akaweka nadhiri kwa Mahadev, mungu wao. Mtoto akipona, atakwenda hekalu lake lililo juu kabisa Himalaya, katika mwezi wa Shravan ambao ndio mwezi wake na ndio mwezi wa mvua kubwa, atapanda kwa miguu bila farasi wala machela, na atapanda peke yake. Mpaka atakaporudi, hatakula sukari guru. Nilimuuliza kwa nini peke yake. "Kwa sababu mtoto alikuwa peke yake ndani ya ile homa, Godi. Sisi wote tulisimama nje." Mtoto akapona. Mume akasema mwakani, na mwakani ikawa mwakani, wakahama, mume akafa, na Ba alikuwa na miaka sitini na minane na chai chungu.

Ijumaa Nilesh na mkewe walikuja kula. Mimi nilikuwa nikiosha vyombo, na maneno ya sebuleni yalinifikia yote. Nilesh alikuwa mfamasia, mtu mpole, mwenye sauti ya kueleza matumizi ya vidonge. "Mum, people half your age die up there. In the monsoon? Alone? With that knee?" Alielewa Kiswahili vizuri lakini alijibu kwa Kiingereza siku zote. Akamwambia kuna helikopta, atalipa yeye, dakika nane ameshafika. "Nadhiri haipandi helikopta," Ba akasema. Nilesh akasema hatasaini chochote, wala daktari hatasaini, na bila cheti cha daktari hawatamwandikisha kule chini ya mlima, kwa hiyo mazungumzo yamekwisha. Nilisikia kiti kikivutwa. Ba akaja jikoni, akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani ambazo nilikuwa nimeshazikausha.

"Wewe ulipokimbia kwenu ulitembea milimani kwenye mvua," akaniambia bila kunitazama. "Siku ngapi?"

"Tisa."

"Mlikuwa wangapi?"

"Tulianza wengi, Ba."

"Basi nifundishe."

Leo nina umri wa kujua kwamba nilipaswa kusema hapana. Nimewafundisha wasichana wengi kazi hii ya kutunza wazee, na siku ya kwanza huwaambia: mteja akikuomba kitu ambacho familia imekataa, piga simu ofisini. Lakini ukweli ni kwamba niliona fahari. Tangu nifike nchi hii kila mtu alikuwa akinifundisha mimi, jinsi ya kuvuka barabara, jinsi ya kutenga takataka, jinsi ya kumtazama bosi machoni. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kutaka kujua nilichokuja nacho.

Tulianza na ngazi za daraja la stesheni ya Guildford. Saa tano asubuhi, treni zikiwa chache, Ba alipanda na kushuka mara ishirini, na kilo tano za mchele mgongoni ndani ya begi la shule la mjukuu wake. Mfanyakazi wa reli alitoka kibandani, akasema, "You right there, love?" Ba akamjibu kwa Kiswahili kwamba yuko sawa kuliko yeye. Koti la mvua tulilijaribu bafuni. Alisimama chini ya bomba na sari yake na koti juu, mimi nikageuza maji mpaka mwisho, akapiga kelele za baridi kwa Kigujarati, tukacheka mpaka nikakaa sakafuni. Maji yaliingia shingoni. Tukanunua koti jingine.

Mengine nilimwambia mezani, na yeye akayaandika kwenye daftari lake. Ondoka alfajiri, ikifika saa sita uwe umeshapata pa kulala, maana mvua ya mlimani huja mchana. Tembea upande wa mlima, usitembee upande wa bonde, na wanyama wa mizigo wakija bana mgongo kwenye mwamba. Usilale chini ya ukingo ambao miti yake imeinama. Kijito kikiwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukasikia mawe yakigongana chini ya maji, rudi, hata kama wenzako wanavuka. Soksi kavu ni za kulalia tu. Mwanamke peke yake atafute familia yenye bibi na watoto, atembee nyuma yao hatua kumi bila kuomba ruhusa, na jioni agawane nao chakula. Hayo yote nilikuwa nimeyalipia. Kila nililolisema lilikuwa na mtu nyuma yake, na Ba alijua.

Siku moja ya mwezi wa tano, mvua inapiga bati la kibaraza, akauliza: "Huko chini wanaandika majina. Unapewa kikaratasi chenye namba, na kila kituo njiani wanakiangalia. Mimi cheti cha daktari sina. Nifanye nini?"

Nilimjibu papo hapo. Nilimweleza kuhusu Joselyne. Darasani kwetu, mwaka tuliokimbia, walikuja watu asubuhi wakamnyang'anya mwalimu daftari la mahudhurio, wakasoma majina. Aliyeitwa alisimama. Joselyne, niliyekaa naye dawati moja, alisimama, akaacha kalamu yake mbele yangu. Mimi sikuitwa, kwa sababu nilikuwa nimehamia shule ile wiki hiyohiyo na mwalimu alikuwa hajaniandika. "Mimi niko hai kwa sababu jina langu halikuandikwa, Ba. Mtu mwenye daftari ni mtu wa kuogopwa. Pita nyuma. Ingia katikati ya familia kubwa, shika mtoto wao mkono. Usiandikwe."

Akavuta daftari lake. Kisha akaandika. Sikujua kusoma herufi zao za Kigujarati, lakini niliona kalamu ikipita chini ya neno la mwisho mara mbili.

Mwezi wa saba, Sydney ikiwa na baridi yake ya kuuma mifupa, aliondoka. Nilesh aliambiwa mama yake anakwenda Rajkot, India, kwa dada yake Ba, na dada aliambiwa anakwenda kuoga kwenye mto mtakatifu chini ya mlima, atarudi. Aliyejua kwamba atapanda ni mimi tu. Asubuhi ya safari alinionyesha kopo la sukari guru. "Nikirudi nitakupikia chai ya kweli. Hujawahi kunywa chai yangu wewe." Siku kumi na moja baadaye simu yangu ikalia nikiwa kwenye treni. Laini ilikuwa mbovu na nyuma yake nilisikia kengele. "Godi, nimepita! Niko kituo cha kwanza. Nimefanya kama ulivyosema, mlinzi alikuwa anakunywa chai, nimeshika katoto ka watu wa Rajasthan, hakuna aliyeniuliza. Mvua ipo lakini ya kawaida. Goti linaimba." Alicheka, nami nikacheka, na abiria wakanitazama. Nikamwambia atembee upande wa mlima. Akasema, "Najua, mwalimu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Mlima ulimeguka siku ya pili yake, kati ya kituo cha pili na cha tatu. Niliona kwenye taarifa ya habari ya jioni, sekunde chache tu, udongo mwekundu na watu wenye makoleo. Nilijiambia njia ni ndefu, Ba ni mwangalifu, ameona miti iliyoinama. Siku tano nilijiambia hivyo. Kisha Nilesh akapiga simu. Nilikuwa Fairfield, dukani kwa Mkongo mmoja, nimeshika pakiti ya sombe, kisamvu kilichogandishwa.

"Godi, I'm in India, niko kwa polisi," akasema. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akichanganya Kiswahili. "Mama ameacha suitcase yake lodge, hapa chini. They've checked the register, jina lake halipo. So she never went up. They reckon aliteleza mtoni, kwenye ngazi za kuogea. Godi, please. Alikupigia? Did she say anything about going up?"

Nilifungua mdomo ili niseme ndiyo. Nataka niamini kwamba nilifungua mdomo ili niseme ndiyo. Lakini akaendelea: "If she rang you, they'll send people up to look. Wanataka jina lako tu, full name, na address, they write it in the book." Nyuma ya sauti yake nilimsikia mwanamume akisema jambo na karatasi zikifunuliwa. Nilikuwa na uraia, nilikuwa na kazi, nilikuwa mwanamke mzima katika duka la vyakula maelfu ya maili kutoka kwa polisi yule na daftari lake. Na bado nilimwona Joselyne akisimama.

"Hapana, Nilesh," nikasema. "Hakunipigia."

"Okay. Thanks, Godi. Alikupenda sana, you know."

Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa ile sombe. Niliirudisha kwenye friji, nikatoka nje, nikakaa kituo cha basi. Namba ya Nilesh ilikuwa kwenye simu. Ningeweza kumpigia siku hiyo, kesho yake, keshokutwa. Walimtafuta Ba mtoni siku nne, upande wa chini, mahali ambapo hakuwapo.

Nilesh alirudi mwezi wa nane. Nilikwenda Guildford kufunga shughuli, maana wakala alitaka funguo. Alikuwa amekaa jikoni kwenye kiti changu cha plastiki, hajanyoa, na alitaka kuzungumza. Akanieleza habari za mlimani kwa Kiingereza cha polepole, kama mtu anayesimulia mambo ya jirani. Wale waliofunikwa juu, alisema, angalau familia zao zilipata kila mtu. Jeshi lilichimba na daftari mkononi. Kila aliyetolewa walimwekea alama kwenye jina lake, na idadi ilipotimia wakaweka makoleo chini, wakashuka. "At least they had a list," Nilesh akasema. "We've got nothing. Officially she was never even there." Kisha akaniuliza mara nyingine, taratibu, kama kuna lolote ninalokumbuka. Daftari la Ba halikupatikana. Alikwenda nalo. Nikamwambia hakuna. Nikaweka funguo mezani.

Ba mwenyewe alinieleza zamani kwamba kwao picha ya aliyekufa huvishwa shada la maua, na picha ya aliye hai haivishwi kamwe. Picha ya Ba juu ya meza ile haikuvishwa shada. Najua kwa sababu nilikuwa nikipita. Kila mwaka, mara moja au mbili, nilishuka Guildford bila sababu, nikatembea mpaka kwenye mlimau, nikatazama dirishani. Nilesh alikuwa amehamia hapo na familia yake, ili mama akirudi asikute mlango umefungwa. Mara moja alinikuta barabarani, amezeeka, akanikaribisha chai. Juu ya kabati nililiona kopo na utepe wake. Nilikunywa chai, nikamuuliza habari za watoto. Neno lilikuwa pale kooni, na nikalimeza na chai.

Watu wa kanisani kwetu husema kila jambo lina funzo lake. Hili nimelitafutia funzo miaka kumi na minane na sijaliona. Ba alifuata kila nilichomwambia, na kilichonipa mimi uhai ndicho kilichomwacha yeye chini ya udongo. Hata angeandikwa, pengine angekufa. Lakini wangemchimba. Nilesh angekuwa na mwili wa kuchoma, na majivu, na shada la kuvisha picha, na angekufa akijua mama yake alifika karibu na kituo cha tatu kwa miguu yake, kwa ajili yake.

Yule mume na mke walitoka na mtoto wao, wakibishana kuhusu jiko. Kijana wa suti akatazama saa. Nikaachana na mlimau, nikarudi mlangoni, nikachukua kalamu. Safari hii mkono uliandika. Niliandika jina la Ba, lote, jina lake na la mumewe na la ukoo, kwa herufi kubwa. Kwenye nafasi ya simu niliandika namba ya simu ya mezani ya nyumba hiyohiyo, ambayo mpaka leo naikumbuka kichwani.

Kijana akageuza ubao, akasoma. "Thanks, Hansa. Go on in. We'll give you a call Monday."

"Mnanipigia mimi?"

Hakuelewa Kiswahili, lakini nadhani uso wangu ulitosha.

"Everyone on the list," akasema. "We chase up every single one."

Nikavua viatu, kama Ba alivyotaka, nikaingia.